Kioo Cheusi Ulichomfunza Haitham

Mkunazini,
Mji Mkongwe, Zanzibar.
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Mbarouk,

Assalamu alaykum. Marahaba, ijapokuwa shikamoo yako sijaisikia tangu Idd. Hujambo huko Maskati? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi magoti yananiuma, na moyo ndio zaidi. Simu zangu unazikata, ati uko kazini. Barua huwezi kuikata. Dada yako Ummukulthum ataipiga picha akutumie leo hii hii, na uisome mpaka chini.

Mdogo wako Haitham anaharibikiwa. Bwana Gharib, baba yake Shadya mchumba wake, katuma mtu: Ijumaa baada ya sala anarejesha posa yetu. Posa waliyoipeleka wajomba zako, mtaa mzima ukajua!

Sababu naona haya hata kuiandika. Ni hizo programu wanazoandikia kazi zao za kompyuta. Shadya na wenzao wote hapo ofisini kwao wanatumia moja, ile yenye rangi rangi, nasikia ndiyo inayopendwa na wengi duniani. Haitham peke yake kang'ang'ania ya kizamani uliyomfunza wewe, kioo cheusi, hakuna hata pa kubofya. Mkubwa wao kataka wote watumie moja, wapate kusaidiana. Shadya kamwomba kwa upole. Yeye akamjibu mbele ya watu kwamba wengi wanaipenda kwa sababu wengi ni wavivu. Mtoto wa watu akamwambia, "Basi kaoe hicho kioo chako cheusi!" Simlaumu. Ningekuwa mimi ningemtia na kofi.

Skuli nimesoma kidogo, lakini mjinga nnamjua nikimwona. Halali, hali, kabaki mifupa, na radhi hataki kuomba. Nikimsema ananijibu, "Kaka Mbarouk haiachi, na mimi siiachi." Unaona? Umemfunza kazi, ukamfunza na kiburi.

Juzi kanitia kidole jichoni: "Bibi, na wewe mbona blenda huitaki?" Unajua nyumba hii nazi inakunwa kwa mbuzi, na shangazi yako Bashira blenda yake nilimwamrisha aifiche chini ya kitanda.

Jana nimemwambia aitoe. Tui limetoka jepesi, mchuzi hauna maana. Nimeula wote mbele ya Haitham. Kanitazama, kainamisha kichwa, kaondoka. Hajampigia Shadya. Anakungoja wewe.

Mbarouk, nnakuomba, na kuomba sikuzoea. Mpigie mdogo wako kabla ya Ijumaa. Mwambie kioo cheusi si dini. Mimi nshazeeka, harusi nyengine siiwahi.

Bashira na Ummukulthum wanakusalimu. Haitham hajui kama naandika. Wabusu watoto. Mwenyezi Mungu akulinde, akulainishe na moyo. Blenda ipo mezani. Mpaka nisikie umempigia, nitakula tui lake kila siku.

Bibi yako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Mwanapili