Mwanya wa Buji za Pikapu ya Patron

Jumatatu, 9 Juni
Wewe uliyeshika daftari hili, nakusihi, lisitoke neno hata moja mdomoni mwako. Ni mambo ya kazi, na kazi hii naihitaji.

Asubuhi nimeandika fiche, kadi za matengenezo ya magari, nimetoa filta mbili stoo. Papa Paluku, fundi wetu mkuu, ameniletea niandikishe buji nne mpya, plagi za cheche, za pikapu ya patron, mwenye karakana. Ndiyo ile fundi aliyoifunga turbo ili ipande milima ya Alimbongo na viazi bila kuhema. Mwanya wa buji, pale cheche inaporuka, anaupima kwa kipande cha msumeno wa chuma. Msumeno. Nimepima kwa vipimo vyangu vya biro, vile vyuma vyembamba vya ofisini: milimita 0.6. Kitabu cha gari kinasema 1.1. Nimezipanua zote nne hadi 1.1, sikumwambia. Nimejipenda sana leo.

Jumanne, 10 Juni
Pikapu imekwenda Alimbongo. Fiche zangu safi.

Jumatano, 11 Juni
Imerudi mgonjwa. Tambarare inakwenda vizuri. Kila mlima inakohoa na kukata nguvu. Dereva amesema mbele ya karakana nzima: "Papa Paluku, turbo yako inapanda mulima kama mama wa mimba ya mapacha." Wamecheka. Papa Paluku hakucheka. Wala patron.

Ijumaa pikapu inakwenda Beni, halafu Mbau, kuchukua kakao. Patron amesema: "Barabara ya kule haiko na usalama, moteur hapana kufa. Ikikohoa tena mbele ya Ijumaa, Paluku, unakamata bintu byako, unaenda." Yaani injini ikikohoa tena, fundi afungashe vitu vyake.

Papa Paluku yuko hapa tangu sijazaliwa. Kosa ni langu. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikusema. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekuja kazini bila kula.

Nimesoma kitabu cha gari tena, polepole. Ile 1.1 ni ya injini ilivyotoka kiwandani. Turbo inashindilia hewa ndani. Mlimani hewa inazidi kubanana, na cheche inashindwa kuruka mwanya mpana. Fundi alijua. Mimi mwenye diploma sikuuliza.

Saa tisa nimekwenda karakana. Nimemwambia Papa Paluku yote nikitazama viatu vyake. Nilingoja matusi. Amefungua buji moja, ameigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mademoiselle wa biro," amesema, "ulipima muzuri. Mais ulipima ya moteur ingine."

Kisha: "Leta bile byuma byako."

Ameniambia jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwa mwanya wa msumeno, injini hutetemeka gari likisimama. Alikuwa analaumu petroli. Basi tumejaribu pamoja, tukipanda mlima upande wa Rughenda na magunia ya mchanga nyuma. 0.8: imekohoa mara moja, karibu na juu. 0.7: imepanda kimya. Tumesimama, haikutetemeka. Tumerudia mara tatu. Papa Paluku ameimba kidogo, vibaya.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia patron kabla pikapu haijaondoka. Papa Paluku alisimama nyuma yangu, hakunisaidia, na nashukuru.

Patron amesema: "Donc Paluku hana kosa. Na wewe, kila asubuhi utapima buji zote, kule nyuma, pamoja naye. Mikono itachafuka."

Nadhani hiyo ilikuwa adhabu.

Siku nzima nimeshika simu. Saa nane dereva amepiga kutoka Beni. Saa kumi, kutoka Mbau: kakao imepakiwa, moteur haijakohoa.

Jumamosi, 14 Juni
Imerudi salama. Nimekula sahani mbili za ugali na sombe, kisamvu cha kwetu.

Jumatatu, 16 Juni
Mvua nyepesi juu ya bati. Buji nane zimepimwa tayari. Papa Paluku ameniazima koti lake la kazi, linafika magotini. Nimetulia.

Mwenye kunitafuta kabla ya saa nne asigonge mlango wa biro. Azunguke nyuma, apite mlango mdogo, aite jina langu, Kahindo, kwa nguvu. Injini huwa zinawaka, huenda nisisikie mara ya kwanza.