Kiboko wa Bwawa la Ngoingwa

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Tumezunguka bwawa, kikundi chetu cha kutembea, watu kumi na tisa. Miaka mitatu mimi ndiye natangulia. Hii njia ya ukingoni niliifungua na panga peke yangu, na siku hiyo niliua nyoka wanne. Wawili, lakini wanene. Leo nageuka nyuma niwaambie kitu — hakuna mtu. Wote wamezunguka Mulei.

Huyu ni mwalimu mstaafu, anakuja na gari kutoka Gatongora, na kamera yenye mdomo mrefu kama bomba. Amepiga picha ndege wa buluu ana samaki mdomoni. Chairlady wetu, Wamboi, akasema hiyo ndiyo itakaa mbele kwa kalenda ya kikundi. Ya mwaka huu mbele ni picha yangu, ile ya ukungu. Iko ukutani kwa kila member, hata kwa pasta.

Ndege kama huyo nimeona mia. Sikupiga, nilimhurumia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkutano kwa Wamboi, chai na ngwaci, viazi vitamu vya shamba lake. Picha za Mulei zikapita mkono kwa mkono. Hata Beth, mke wangu wa ndoa, ati Mulei ana jicho. Mimi nina mawili.

Nikajisikia nikisema ndege ni ya watoto. Alhamisi nimeona kiboko kwa matete, upande wa pampu ya zamani.

"Picha iko wapi, Ankal?" Wamboi akauliza.

Nikasema simu iliisha chaji vile tu huyo kiboko alifungua mdomo.

Kinuthia, yule mcheshi wa kikundi, akasema labda ilikuwa mama mkwe wangu anaoga. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mulei hakucheka. Aliuliza saa ngapi, na alitazama upande gani, akaandika kwa kitabu. Akasema inawezekana, mvua ya Aprili huenda alipanda na mto kutoka maporomoko ya Fourteen Falls.

Mtu wa kwanza kuniamini ni yeye. Hiyo imeniuma kuliko ile ndege.

Jumatano, 9 Oktoba

Mulei ako kwa matete tangu alfajiri. Siku ya pili. Na stuli, na thamosi. Anangoja kiboko yangu.

Nilipita mbali kama mtu anaenda kununua mkate. Akanipungia mkono. Nikasema moyoni, ngoja tu, mwalimu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuna kutembea. Wamboi amesimamisha, akina mama wanaogopa kiboko. Nimevaa raba zangu bado, nimekaa nazo kwa kiti.

Saa nne, simu. Mulei ametuma picha kwa group. Kitu cheusi majini, mgongo mviringo, juu kama masikio mawili. Watu wanaandika Amen. Kinuthia ameniomba msamaha mbele ya wote.

Sasa mimi nalijua hilo bwawa. Ile ni tairi ya trekta ya shamba la kahawa, ilizama kwa matope mwaka ule wa ukame. Maji yakipungua inatokea. Masikio ni ndege wawili wamekalia. Katika hii Ngoingwa yote hakuna mtu mwingine anajua, na siwezi kusema. Nikisema tairi, wataniuliza na yangu ilikuwa nini.

Chini Mulei ameandika: heshima kwa Ankal Njau, aliyemwona kwanza. Picha yake, jina langu. Nimesoma mara tano.

Halafu Wamboi: "Ankal, wewe ulimwona na macho. Ndiye huyu? Ukisema ndiye, hii inaenda mbele kwa kalenda, na bwawa tunaachana nalo kabisa, tutembee kwingine. Printa anangoja."

Beth amechungulia kutoka jikoni. "Si ujibu watu, Baba Ndung'u. Wanaona umesoma."

Nimeandika "Hapana, hiyo ni tairi". Nimefuta.

Nimeandika "Ndiye". Nimefuta.

Nimeandika "Siye. Wangu alikuwa mkubwa kuliko huyo".

Hii sijafuta. Kidole kiko juu ya mshale wa kutuma, na Wamboi ameanza kuandika tena.