Korali Yote Iligonjwa Magoti

Tania, uko? Weka sufuria chini, soma hii.

Ile promenade ya korali, matembezi yetu baimbaji. Président wetu, Tata Tshiamala, alisema ni ya mwepesi, kilima kidogo na pori, hata mwenye fimbo aje. Onyo moja tu: "Tunaenda kuangalia miti. Hakuna kuokota majiwe." Alirudilia hii ku kila muti.

Basi Mama Mushiya, ule wa magoti mabaya, anafika katikati ya kilima. Anachoma fimbo mu udongo, udongo unafunguka. Kijani. Jiwe ya mukuba, shaba yenyewe, Tania. Kijani kabisa. Anaikala juu yake mbio, anaifunika na pagne yake, kitenge kipana.

Tata Tshiamala: "Mama, simama, tuendelee."

"Magoti inauma, tata."

Akaangalia mama. Akaangalia pagne. Akaikala pembeni. "Kumbe hata mi, magoti."

Kisha kidogo korali yote inaumwa magoti. Bote chini, mikono mu udongo. Na Tata Tshiamala, wa "hakuna majiwe", anatoa nyundo mu saki yake ya kubebea mikate. Nyundo, Tania. Nani anaenda kuangalia miti na nyundo?

Njo bagarde ba mine, balinzi ba mugodi wa ile kilima, banatokea. Magoti yote inapona mara moja. Mu kushuka, Mama Mushiya anapita bote.

Sasa fimbo yake imebakia kule. Tata ameandika mu groupe yetu ya simu: nani atarudia kesho kuitafuta?

Bote bameitika. Wa kwanza ni Mama Mushiya. Anasema fasi ilipo anaijua.