Vyura wa Ordinateri

Jumatatu, 3 Machi 2003

Sauti ya kiboko imekubali! Nimepuliza kwenye mudomo wa bidoni tupu ya mafuta ya mawese, nikarekodi, halafu ndani ya programu ya muziki ya ordinateri nikaivuta sauti chini mpaka ikawa nzito, ya ndani ya maji kabisa. Mama alikuwa anachambua muchele. Akainua kichwa, akatazama dirisha.

Watu wa redio walioniagiza sauti watafurahi. Muchezo wao wa kuigiza unatokea ziwani, na ziwani hakuna wa kwenda kurekodi — kwa vita hivi, giza likikaribia kila mutu yuko ndani. Kwa hiyo ziwa zima la Tanganyika nalitengeneza hapa chumbani, umeme ukikubali.

Kesho vyura.

Jumatano, 5 Machi

Meno ya kitana. Kidole gumba kinapita polepole — krrr. Nikanakili, nikanakili tena, mumoja sauti ya chini, mwingine ya juu, nikawachelewesha kidogo wasiimbe kama kwaya. Nikafungulia bafle, ile spika kubwa. Asubuhi, jua kali, na chumba kimejaa bwawa.

Shangazi Mariyamu, jirani wa upande wa matete, akaja mbio. Alidhani amepata wazimu, vyura mchana! Nikamuonyesha ordinateri. Hakucheka. Akanieleza jambo ambalo wanawake wa kule wanalijua wote: usiku hawasikilizi bunduki, wanasikiliza vyura. Watu wenye bunduki wakipita kwenye matete, vyura wananyamaza. Hapo wanawake wanabeba watoto na kukimbilia musikitini. Mwaka jana ndivyo walivyopona.

"Hawa wako," akasema, "hawaogopi mutu."

Jumapili, 9 Machi

Muchezo ulipita jana redioni. Leo kaja mutu, jina Casimir. Eti mufanyabiashara wa ndagala. Akasalimia amahoro, amahoro — amani, amani. Hana harufu yoyote ya samaki.

Anataka vyura peke yao, kaseti nzima, pande zote mbili, bila maneno ya watu. Anasema mutoto wake Bujumbura hapati usingizi. Halafu akauliza: bafle ikifungwa kwenye betri ya gari, inasikika mpaka wapi?

Nikasema nina kazi nyingi. Akautazama mulango wa chumba cha mama.

"Mama yako analala mapema," akasema. "Ni vizuri. Muache alale."

Alipotoka nikamuona barabarani anasalimiana na askari, anawaita kwa majina. Basi kwa askari siwezi kwenda kumushitaki. Casimir ni wa upande gani wa vita? Sijui. Kwa watu wa kule kwenye matete, iko sawa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama anasema nimupe Casimir kaseti yake, halafu tuende kwa mujomba Nyanza-Lac. Na Mariyamu? Na watoto wake? Vyura wangu wakiimba kule, wa kweli watanyamaza na hakuna atakayejua.

Nimeitengeneza kaseti. Upande wa kwanza wanaimba mwanzo mpaka mwisho. Upande wa pili, katikati, nimewakata. Kimya. Kirefu. Kisha wanaendelea. Nilipousikiliza mwenyewe nikajikuta nimesimama, viatu mukononi.

Mariyamu nimemuambia alale na nguo zake, na vyura wakikatika abebe watoto. Mama sijamuambia kitu — uso wake hauwezi kuficha.

Jumanne, 11 Machi, mchana

Casimir yuko sebuleni. Nilidhani atachukua na kwenda. Amekuja na redio yake ya kaseti, amekaa, anasema anataka kuisikiliza yote kwanza. Mama anamumiminia chai. Mimi niko jikoni, naandika ili mikono ipate kazi.

Upande wa kwanza umeisha. Ameusifu, anasema hata yeye angesinzia. Nikachungulia, nikamuambia kwamba upande wa pili ni vilevile, na askari wanaweza kufunga njia. Akajibu hana haraka.

Amegeuza kaseti.

Vyura wanaimba. Mulango wa nyuma uko wazi hapa karibu yangu, lakini mama yuko kule naye. Nilimuita aje kunisaidia na mukaa. Akasema ngoja, mugeni hajamaliza chai. Wanaongea habari za mvua, mama anamueleza jinsi ilivyoharibu maharage. Anacheka. Siku nyingi sijamusikia akicheka.

Nimemuita tena. Casimir ndiye aliyejibu: nimuache mama akae.

Wanaimba bado.

Sasa hawaimbi. Kile kimya changu kimefika. Na sebuleni hakuna anayeongea.