Weusi Chini ya Ndiva

Jumapili, 26 Januari 2025
Baada ya ibada watu wanazungumzia ndiva tu, bwawa letu la kumwagilia. Wiki ya tatu sasa Devotha, yule mjane, anafika Jumanne asubuhi kwenye zamu yake ya maji na kukuta bwawa nusu. Baba ndiye msimamizi wa zamu. Kasema mwizi anamjua: Fanueli, si shamba lake ndilo lililo chini ya bwawa? Ijumaa kikao. Akithibitika, anatolewa kwenye zamu msimu mzima – na maharage yake ndiyo yanatoa maua!
Baba ananituma nilete ushahidi kwa kamera yangu ya mfukoni. Juzi tu picha zangu aliziita za msiba, kwa kuwa sitaki rangi, napiga nyeusi na nyeupe tu.

Jumatatu, 27 Januari
Fanueli kanipa chane ya ndizi. Bure. Kwa nini leo? Nimeipiga picha mikono yake, mishipa imesimama. Mwanga wa ubavuni, nzuri sana. Kauliza picha naipeleka wapi. Nimesema mjini Same, kusafishwa. Uongo. Lakini asiye na lake angeuliza?

Jumanne, 28 Januari
Saa moja asubuhi, juu ya jabali. Bwawa nusu! Nimepiga picha kumi na mbili. Kwa macho ni kijani kila mahali, huambulii kitu. Kwenye kioo cha kamera, bila rangi, udongo mkavu ni majivu, uliolowa ni mweusi tii.
Shamba la Fanueli – majivu matupu. Mstari mweusi kutoka bwawani umelipita pembeni, ukazunguka nyuma ya migomba, ukashuka hadi kwenye tangawizi. Tangawizi zetu! Zamu yetu ni Jumamosi, maji yake hukauka kwa siku moja.
Kivuli, nikajiambia. Asubuhi vivuli ni virefu. Saa sita nikarudi, jua la utosi. Bado mweusi, nikapiga tena. Nikashuka nikakanyaga. Tope hadi kifundoni.

Jumatano, 29 Januari
Baba kauliza nimepata nini. Nimesema mwanga ulikuwa mbaya. Kaangalia viatu vyangu, bado vina tope. Kisha kasema tangawizi mwaka huu zimekubali.
Namchunguza baba yangu anavyokula! Naona aibu. Na mama je? Buti za baba huzisuuza yeye. Hajaniuliza chochote tangu jana, yeye anayeuliza kila kitu.

Ijumaa, 31 Januari
Kikao saa tatu. Fanueli kapita na shati la kanisani.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu." Sauti ya baba, tulivu kabisa. Imeniuma kuliko wizi wenyewe.
Kisha baba kaja mlangoni kwangu. Nikiulizwa niseme picha hazikutoka, mengine nimwachie yeye. Hakunitazama.
Nimefungua ile ya saa sita. Nimebonyeza. Kioo kinauliza: Futa? Ndiyo. Hapana.
Baba anaita uani, "Rogathe, mwanangu, twende, watu wanasubiri."
Kidole kiko juu ya kitufe, bado sijachagua.