R ya Ruth

Dada Kalondu,

Nisamehe. Nilikuahidi pale kaburini kwamba nitakuandikia mvua ikianza, na sasa mvua mbili zimepita. Si kukusahau. Kila nikishika kalamu mtoto analia, au nguo zinanyeshewa, au mimi mwenyewe nasinzia nikiwa nimekaa. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, mdogo amelala, na Baba Ruth hajarudi kutoka machimbo ya Lukenya. Basi niko na nafasi.

Yule mdogo hukumwona. Tulimpa jina lako. Ana meno mawili na anauma. Nilirudi kiwanda cha nguo cha EPZ akiwa wa miezi mitatu, bado niko laini ya kola, nashona kola mpaka nikifunga macho naziona. Mama yuko. Mpaka leo anaweka kikombe chako mezani, halafu anakirudisha. 

Lakini ni Ruth ndiye amenifanya nikuandikie. Yuko nasari, mwaka wa mwisho. Muhula huu mwalimu wake aliniita. Si mtu wa huku kwetu, na ni mpole. Alifungua daftari mbele yangu. "Mama Ruth, huyu mtoto leo anaandika jina lake Ruth, kesho anaandika Luth. Rula anaandika lula. Redio, ledio. Nafikiri masikio yana shida, ama hajakomaa. Wenzake wakienda darasa la kwanza, yeye afadhali abaki."

Abaki. Dada, nilifika nyumbani bila kuona njia. Imla ya kazi za nyumbani nilikuwa namsomea tangu muhula uanze, sasa nikaanza kumfundisha kwa nguvu. Kila jioni kabla ya ugali, imla: mimi nasoma, yeye anaandika. Akikosea namfinya sikio. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe sikuwahi kukuficha. Siku moja aliniangalia machozi yakimtoka, akasema, "Lakini Mama, ndivyo umesema." Nikamwambia aache kiburi.

Maneno hayo yakakataa kunitoka kichwani. Nikiwa kwenye mashine, ndivyo umesema, ndivyo umesema. Ndipo nikakumbuka zile ndengu.

Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, saikolojia imekujaa mpaka kooni. Tunachambua ndengu za Mama, nikaliacha jiwe moja la kijani kama ndengu zenyewe, ukalichukua ukacheka. "Umelitazama na hukuliona, kwa sababu ulikuwa unatafuta mawe meupe." Ukaniambia kuna wataalamu wanaosema ulimwengu unatuingia kama ulivyo, kupitia macho na masikio, akili inapokea tu. Na kuna wengine wanaosema hapana, akili inatangulia na yale inayoyajua tayari, inajaza mapengo, halafu inaapa imeona. Nikakuuliza wewe uko upande gani. Ukasema uko upande wa yule anayepika.

Halafu ukaniambia ile ya watoto wachanga. Kwamba mtoto anazaliwa akiweza kutofautisha hata sauti za lugha za mbali, na polepole sikio linazoea za nyumbani, zile zingine linaziacha zipite. "Sisi Wakamba," ukasema, "R na L zinaingia kwetu mlango mmoja." Ulikuwa umejifunza R yako huko chuoni, unaiunguruma jikoni mpaka Mama akauliza ni nini kimekukwama. Na mwanangu alipozaliwa ukampa jina Ruth, najua, ili tu uringe nalo.

Basi nikaenda kwa jirani yetu, Mama Zuhura, yule wa mahamri, ambaye kwao ni Pwani. Nikamwambia asimame nyuma ya pazia, mtoto asione mdomo, aseme "kura" au "kula" vile anavyotaka. Ruth akisikia R ainue mkono. Mama Zuhura akasema huku akichungulia kwenye tundu la pazia, mkono ukainuka au ukakaa. Mara kumi, hakukosa hata moja. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake na nilisikia kula, kula, kula, kama mtu aliye na njaa.

Mama Zuhura akafungua pazia. "Mwanangu, huyu ana masikio ya paka. Ya kupimwa ni yako!"

Nikafungua daftari. Kurasa za shuleni, ambazo imla alisoma mwalimu, kila R iko mahali pake. Kurasa za nyumbani, ambazo nilisoma mimi, ni L tupu, na kalamu yangu nyekundu juu yake. Mtoto alikuwa anaandika sawasawa kile alichosikia. Mimi nilikuwa naiona R kwenye kitabu, na akili yangu inaapa nimeitamka.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda shuleni. "Mwalimu, huyu habaki. Wa kubaki ni mimi." Alicheka, akaona sicheki. Akampima mwenyewe, amejificha nyuma ya ubao. Januari Ruth anaingia darasa la kwanza.

Nilimwomba mtoto msamaha. Sasa jioni imla inasomwa na Mama Zuhura, na mwanafunzi ni mimi. Ruth ananiambia, "Mama, sema Ruth." Nasema. Anatingisha kichwa, "Bado." Hajanifinya hata mara moja.

Na kile kikombe cha Mama nimekielewa. Mlango ukigongwa saa za wewe kuja, hata mimi nasikia ni wewe.

Kwaheri, dadangu. Nakuahidi sikio la mtoto sitalishika tena ila kulisafisha, na huyu mdogo akisema nitasikiliza kwanza, kisha ndipo nijue.

Vitu ambavyo bado nahitaji, kama kuna njia ya kutuma, ni hivi: lile daftari lako la saikolojia, tumelitafuta kila mahali, labda ulienda nalo, kicheko kile cha ndengu, na R moja. Isiwe kubwa. Ya kumwitia mtoto.