Binti Yangu Anataka Kupunguza Vifurushi vya Kliniki

Binti yangu ameandika programu ya kusajili wagonjwa wa kliniki nzima, peke yake, na aliyemzaa ni mimi. Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana furaha yangu imeingia mchanga.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia njiani, lakini huyu mtoto anaandika Python, hiyo lugha ya kompyuta, kama mimi ninavyokunja upindo, na siku ya kupeleka kazi yake nikamwambia, mama, usiende kwa watu mkono mtupu, weka kila kifurushi ulichonacho, hivyo vijiprogramu vya watu wengine mnavyoazima kujengea yenu, hata vile vya kupimia makosa na vya kunyooshea maandishi yako, waone una vitu, naye kwa kuniheshimu akaweka vyote, sasa kompyuta ya kliniki ni ndogo, imejaa pomoni, programu inakwama katikati ya jina la mgonjwa, na daktari mkuu kasema isipotulia kufikia Ijumaa wanarudi kwenye kadi za karatasi. Binti anataka kutoa nusu ya vifurushi. Nimemkatalia. Ndugu nimeshawaalika Jumamosi waje kliniki kuiona ikifanya kazi, na dada yangu ameshaanza, "Mwanao kaandika nini hicho, mbona kinasinzia?" Akipeleka nusu, si watamwita fundi nusu?

Mama wa Mtaalamu

Mama wa Mtaalamu, hongera, umezaa. Ila hapa aliyeharibu ni wewe.

Bibi harusi akija kuchukua gauni, unampa na pini, chaki na cherehani yako? Mbona hajakuita fundi nusu? Vifurushi vya kupimia makosa vinamsaidia binti yako mezani kwake. Kliniki vinabana nafasi tu. Mwache atenge orodha mbili. Vile ambavyo programu haiendi bila hivyo, viende kliniki. Zana zake zibaki kwake.

Asikisie, lakini. Achukue kompyuta nyingine isiyo na kitu, aweke ile orodha ya kliniki peke yake, asajili mgonjwa wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Ikigoma, kuna kifurushi kimeangukia upande usio wake, akirudishe. Ikikubali, aondoe vifurushi vyote kwenye kompyuta ya kliniki, kisha aipakie orodha hiyo upya.

Nawe mwombe radhi mwanao leo, kisha umpishe afanye kazi. Dada yako mpe kiti cha mbele, awe wa kwanza kusajiliwa. Wageni usiwarudishe: waje wote, Jumamosi asubuhi.